Kabla ya Kuivunja Bima ya Maisha

Tuseme mama wa hapa Diani amelipa shilingi 3,000 kila mwezi kwa miaka 5, katika bima ya maisha iliyoahidi 500,000. Sasa karo inamkabili, na moyo nao umeingia shaka: Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliharamisha bima ya kibiashara kwa gharar iliyomo, likaruhusu ya kushirikiana. Akiivunja leo, atapata nini?

Si 500,000, hizo ni za mauti au za kutimia muda. Wala si 180,000 alizotoa, maana ujira wa wakala na gharama za kampuni hula sana miaka ya mwanzo. Na bima isiyo na akiba ndani yake hairudishi hata senti. Basi na adai kiasi chake kwa maandishi kabla ya kutia sahihi. Atazame pia hati ni ya jina la nani: aliyeandikwa mnufaika tu hawezi kuivunja.

Akirudishiwa, tuseme, 120,000, asihofu. Hazikufikia hata alichotoa, na rasilmali ni haki yake (al-Baqara, 279). Zikizidi 180,000, ile ziada ndiyo ya kumwuliza shekhe.