Mchezo wa Watu Wazima: Tofali, Kinyago na Neno

Kwetu Omate, upande wa Walikale, kucheza ni kazi ya watoto. Mtu mzima hulima, huchimba dhahabu, hubeba mizigo, hukaa barazani na wenzake. Ndiyo maana mjomba wangu alichekwa sana. Alikuwa amepita miaka 50, lakini kila jioni alikaa nyuma ya nyumba akiunga vijumba kwa makopo ya sardini, mabua na vipande vya mbao, kisha akavipanga ndani ya kitunga. Majirani walisema amerudi utotoni. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, hivi ni vya nini?" Akajibu bila kuinua macho, "Ni kijiji." Halafu akaanza kunitajia: hiki cha fulani, kile cha fulani, hapa ndipo njia ilipopita kabla ya watu kuhama. Nilikuwa mtoto, nikasikiliza nusu.

Nilipofika chuo kikuu nilitambua kwamba mjomba hakuwa peke yake. Katika nchi nyingi wapo watu wazima, wenye kazi na familia, ambao hutumia jioni zao na akiba zao kujenga na kukusanya mifano midogo, hasa ya matofali ya plastiki ya kuchezea. Katika makala hii nitaeleza jinsi matofali hayo yanavyofanya kazi, watu hao wanayafanyia nini, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha. Dai langu ni moja: kitu kidogo anachokitunza mtu mzima huishi kwa maneno yanayoambatana nacho. Maneno yakipotea, kinabaki kipande tu.

Tofali linavyoshikana

Tofali la kuchezea linalojulikana zaidi ni la kampuni ya LEGO ya Denmark. Ole Kirk Christiansen, seremala wa mji mdogo wa Billund, alianza kutengeneza vichezeo vya mbao mwaka 1932. Jina la kampuni ni ufupisho wa maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali la plastiki kwa umbo tunalolijua leo liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958.

Juu, tofali hilo lina vinundu. Chini liko wazi, na ndani ya uwazi huo mna mirija midogo. Ukilibana tofali moja juu ya jingine, vinundu vya lile la chini hukazwa kati ya mirija na kuta za lile la juu. Yanashikana bila gundi wala msumari, na ukitaka unayaachanisha. Siri yake ni kipimo. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8. Kimo cha tofali la kawaida, bila kuhesabu vinundu, ni milimita 9.6, na vibamba vyembamba 3 vikipandana hulingana na tofali 1. Kwa kuwa kipimo hakikubadilishwa, tofali la mwaka 1958 bado linashikana na la leo.

Kutokana na kanuni hizo chache huzaliwa mengi. Matofali 2 ya vinundu 8, yenye rangi moja, huweza kuunganishwa kwa namna 24, na matofali 3 kwa namna 1,060. Yakifika 6, namna ni 915,103,765. Hesabu hiyo ilifanywa kwa kompyuta na mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen pamoja na wenzake.

Hapo mwanafunzi wa isimu anakumbuka masomo yake ya mwanzo. André Martinet alifundisha kwamba lugha ya binadamu imejengwa kwa ngazi mbili: sauti chache zisizo na maana huunda vipande vyenye maana, na vipande hivyo huunda semi zisizo na idadi. Tofali linakaa ngazi ya sauti. Tofali jekundu peke yake halisemi kitu: leo ni paa, kesho ni mdomo wa kasuku. Kiswahili kinapounda neno *wa-ta-tu-jeng-e-a*, tayari tuko ngazi ya juu, ambako kila kipande kina maana yake na nafasi yake, na ukivibadilisha nafasi neno linavunjika.

Wajenzi na wakusanyaji

Watu wazima wa mchezo huu ni wa aina mbili, ingawa wengi wako katika zote mbili. Mjenzi hununua seti na kufuata kijitabu cha maelekezo mara ya kwanza, kisha hukiweka kando na kubuni chake mwenyewe: kituo cha treni cha mji wake, meli, nyumba ya bibi yake. Wengine hufika mbali. Nathan Sawaya, mwanasheria wa New York, aliacha ofisi ya sheria mwaka 2004 ili aishi kwa kuchonga sanamu za matofali hayo. Kampuni yenyewe imewatambua wateja hawa. Mwaka 2008 ilitoa seti ya Taj Mahal yenye vipande 5,922, na tangu mwaka 2020 masanduku mengi yaliyokusudiwa watu wazima yanaandikwa 18+.

Mkusanyaji hutafuta ukamilifu. Anataka sanduku, kila kipande, na kijitabu chake. Seti isiyo na kijitabu hushuka thamani, na si vigumu kuona sababu: vipande 5,922 bila maelekezo ni rundo. Wote wawili, mjenzi na mkusanyaji, wanahitaji pia majina. Anayemwomba mwenzake kipande lazima aweze kukitaja, kwa hiyo wapenzi wa mchezo huu wameunda msamiati mpana wa maumbo, vipimo na mbinu za kuunga. Mimi mwenyewe, kabla ya kuandika aya za juu, ilinibidi nichague kati ya "kinundu", "kifungo" na "kichwa". Hatuwezi kueleza hata kichezeo kabla ya kukubaliana juu ya maneno.

Vitunga vya Warega

Msomaji anaweza kudhani huu ni ugeni wa Ulaya. Sivyo. Kusini mwa kwetu, katika Mwenga, Shabunda na Pangi, Warega walikuwa na chama cha Bwami, ambacho watu wazima walipanda ngazi zake moja baada ya nyingine, wanaume na wake zao pamoja. Wenye ngazi za juu walimiliki vitu vidogo: vinyago vya pembe au mbao viitwavyo *iginga*, vifuniko vidogo vya uso vya mbao viitwavyo *lukwakongo*, pamoja na vitu vya porini kama magamba ya kakakuona, mafuvu ya wanyama na midomo ya ndege. Vingine vilikuwa vya mtu binafsi, vingine vilikuwa vya wote na kutunzwa ndani ya kitunga. Siku ya kumwingiza mwanachama katika ngazi mpya vilitolewa, vikapangwa chini, vikachezewa ngoma.

Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeishi kati ya Warega miaka ya mwanzo ya 1950 na kuchapisha kitabu *Lega Culture* mwaka 1973, alionyesha kwamba vitu hivyo havikuwa mapambo. Kila kimoja kilitolewa pamoja na methali. Kitu kimoja kiliweza kubeba methali nyingi, na methali moja kuonyeshwa kwa vitu tofauti, kutegemea mpangilio wa siku hiyo. Kinyago chenye vichwa vingi, kwa mfano, kilimfundisha mwanachama kwamba mwenye hekima huliangalia jambo kutoka pande zote.

Tofauti na tofali ni wazi. Tofali ni kama sauti, kinyago cha Mrega ni kama neno: kinaingia katika mpangilio kikiwa na maana, na mpangilio unaigeuza. Lakini wote wawili, mkusanyaji wa Denmark na mzee wa Bwami, wanategemea kitu kilicho nje ya kitunga. Mmoja anategemea kijitabu, mwingine methali. Leo vinyago vingi vya Warega viko katika makumbusho ya nje, yakiwemo ya Tervuren, Ubelgiji. Vimepimwa, vimepigwa picha, vimepewa namba. Vingi vilifika huko bila methali zake, na aliye mbele ya kioo anaona pembe nzuri iliyong'aa, basi.

Mji wa karatasi

Mfano wa pili unatoka magharibi mwa nchi yetu. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa mwaka 1970 na kufundisha shule. Hakuwa na seti wala kijitabu. Alitumia karatasi ngumu, plastiki, makopo ya soda na vifuniko vya chupa kujenga majumba madogo ya rangi kali. Alipopeleka kazi yake makumbusho ya taifa, hawakuamini kwamba ni yake, wakamtaka atengeneze nyingine papo hapo. Akatengeneza, na wakamwajiri kukarabati vitu vya makumbusho. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya *Magiciens de la terre*. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 makumbusho ya MoMA ya New York yalimwandalia maonyesho yake peke yake.

Kwa hoja yangu, kazi muhimu ni ile ya mwaka 1994 iitwayo *Kimbembele Ihunga*. Kingelez alichukua kijiji chake cha kuzaliwa na kukijenga upya kama mji mkubwa wenye uwanja wa mpira na majumba marefu. Tena hakuyaacha majengo yake yawe bubu: aliandika majina juu ya kuta zake. Anayetazama leo anasoma. Kingelez aliweka kijitabu ndani ya nyumba yenyewe.

Kitunga cha mjomba

Hapa narudi Omate. Anayetafuta habari za kwetu hupata dhahabu na vita. Mjomba alikuwa akitengeneza habari nyingine: nani aliishi wapi, njia ilipita wapi, nyumba ipi ilitazama mto. Tulipokimbia, mama alikibeba kitunga chake. Mjomba alifia ugenini. Sasa vijumba 17 viko juu ya kabati, na kati ya vyote tunajua majina ya 4. Vingine 13 ni makopo ya sardini.

Walikale imewahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1956 Shé-Kárisi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo wa Wanyanga kwa siku 12, na maneno yake yakaandikwa. Biebuyck aliuchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, aliyekuja kuwa mwanaisimu mashuhuri. Sauti ya Rureke haikubaki kitungani.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwanafunzi mwenye daftari, anayekaa karibu na mtu mzima wakati "anacheza", na kuandika jina la kila kipande kwa lugha ya mwenyewe, pamoja na maneno anayoyasema anapokishika. Mimi nimeanza na mama. Wiki iliyopita alikigeuza kijumba chenye mlango wa bati, akakitazama kwa muda, akataja jina. Sasa ni 5.