Katuni ya vita: kaa uitazame na mwanao

Mzazi wa Pangani, Kibaha, ukisikia maroboti yakipigana kwenye simu, usikimbilie kumnyang'anya mtoto. "Mobile Suit Gundam 0080: War in the Pocket", katuni ya Kijapani ya mwaka 1989, ina sehemu 6 tu. Mtoto Al anaona vita ni mchezo, mpaka anapofanya urafiki na Bernie, askari wa upande wa adui. Bernie anauawa na dada Chris, jirani yake Al, asijue aliyemo ndani ya roboti ni nani. Al anajua, na analibeba peke yake.

Wadogo sana wasubiri. Wakubwa, tazameni pamoja, kisha mtoto amuulize babu aliyepigana Vita ya Kagera, 1978–1979: rafiki zako wako wapi?