Kapita wa wanyama wa utafiti: kazi iko wapi, na mutoto asome nini?



Kila mwaka, watoto wakishapata diploma ya Leta, wazazi wa Likasi, Kambove na vijiji vya pembeni wanaleta swali moja kwenye mikutano: mutoto asome nini ili apate kazi? Wengi wanajibu haraka: mine. Lakini wazee wanakumbuka pia mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliingia katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Mji ukitegemea kazi ya aina moja tu, siku kazi ile inapungua kila nyumba inasikia.

Kwa hiyo katika namba hii tunaeleza kazi nyingine, isiyojulikana sana lakini iliyo karibu na ufugaji wetu: kusimamia wanyama wa kituo cha utafiti. Kama kooperative yenu inafikiri kumulipia mutoto masomo haya kwa sanduku la pamoja, pesa hiyo ni jasho la wote. Ni vizuri kujua ukweli mbele ya kuitoa.

Kazi yenyewe ni nini?

Chanjo ya mifugo inajaribiwa kwanza juu ya wanyama walio chini ya ulinzi, ndipo inafika kwa mfugaji. Tuchukue pesti ya nguruwe ya Afrika, ambayo wafugaji wetu wanaijua vizuri: inaingia kwenye kibanda na kumaliza nguruwe karibu wote, na haina dawa. Mwaka 2023 nchi ya Vietnam iliruhusu chanjo zake kuuzwa kwa wafugaji. Kufika pale, ilibidi nguruwe wawekwe vibandani, wachanjwe, wapimwe joto la mwili na kufuatwa siku kwa siku.

Mtafiti ndiye anayesoma matokeo. Lakini anayehakikisha kwamba kila nguruwe amekula, amekunywa, na hakuchanganywa na wa kundi lingine, ni kapita. Akilala, hesabu yote ya mtafiti inaharibika, na chanjo mbaya inaweza kuonekana nzuri.

Kazi zake za kila siku ni hizi:

- kuhesabu wanyama asubuhi na jioni, na kuandika waliozaliwa, waliokufa na wagonjwa;
- kupima chakula kilichotolewa na kilichobaki;
- kutenga wanyama wapya siku kadhaa mbele ya kuwachanganya na wengine;
- kusimamia usafi, dawa za kuua vijidudu, buti na mavazi ya kazi;
- kupanga zamu za walishaji, hata siku ya sikukuu, kwa sababu mnyama hana sikukuu;
- kumuita veterineri kwa wakati.

Kuko pia kulinda mnyama mwenyewe. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walitoa kanuni tatu ambazo vituo vingi duniani vinazifuata mpaka leo: usitumie mnyama kama kuko njia nyingine, tumia wachache kadiri inavyowezekana, punguza maumivu yake. Kapita ndiye anayeziona kanuni hizi zikitimizwa ao zikivunjwa, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na wanyama kutwa.

Nafasi ziko wapi?

Hapa kwetu utafiti wa kilimo na mifugo uko mikononi mwa INERA, iliyorithi kazi ya INEAC, shirika lililoanzishwa mwaka 1933. INERA iko na kituo Kipopo, karibu na Lubumbashi, mahali ambapo katika miaka ya 1950 kulikuwa na mabwawa ya utafiti wa samaki. Vituo vingine viko mbali: Mulungu katika Kivu ya Kusini, Nioka katika Ituri. Lubumbashi kuko pia labo ya veterineri, na Chuo Kikuu chenye fakilte ya uganga wa wanyama.

Tuseme wazi: nafasi za kapita katika mahali hapa ni chache. Kituo kimoja kinahitaji kapita mmoja ao wawili, na aliyepata nafasi anaishikilia miaka mingi. Tena kazi ya Leta inategemea bajeti. Mtu anaweza kutumika muda mrefu jina lake halijaingia kwenye liste ya mshahara. Mzazi asimuahidi mutoto kwamba diploma itamufungulia mlango wa Kipopo.

Nje ya nchi kuko vituo vikubwa zaidi. Nairobi iko ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoundwa mwaka 1994. Shamba lake la Kapiti, katika Machakos, liko na hekta karibu 13 000 za ng'ombe, kondoo na mbuzi. Tanzania iko na TALIRI, yenye kituo cha zamani cha Mpwapwa kilichotoa aina ya ng'ombe wanaoitwa kwa jina hilo. Lakini kule wanashindania nafasi na vijana wa nchi zile, na Kifaransa peke yake hakitoshi. Anayetamani njia hiyo ajifunze Kiingereza mapema.

Cheo ni kidogo, ujuzi ni mkubwa

Hapa ndipo tunataka mutusikilize. Ujuzi wa kapita unahitajiwa na watu wengi wasio watafiti: mashamba ya kuku na mayai, wanaozalisha vifaranga, mabwawa ya samaki, mashamba makubwa ya ng'ombe kwenye plato ya Biano, maduka ya dawa za mifugo. Miji yetu ya mine inakula mayai na kuku wa barafu wanaopita Kasumbalesa kutoka Zambia. Anayefuga kwa hesabu kamili, akijua kila kifaranga amekula gramu ngapi, ndiye anaweza kupambana na bei ile. Wengi wetu tunashindwa kwa sababu hatuandiki kitu.

Kwa hiyo mutoto asisomee cheo cha kituo kimoja. Asomee ujuzi unaotumika kituoni, shambani na katika kooperative.

Njia ya masomo

Njia fupi ni shule ya sekondari yenye sekisho ya kilimo ao ya veterineri: inatoa mlishaji mzuri na tekinisiani. Kutoka hapo, kwa miaka ya kazi na uaminifu, mtu anapanda kuwa kapita. Njia ndefu ni fakilte: udaktari wa wanyama kwa kawaida unachukua miaka 6, bila kuhesabu minervale, nyumba na chakula cha Lubumbashi. Mbele ya kuchagua njia ndefu, mutoto afanye staji ya mwezi mmoja ao miwili kwenye shamba ao labo. Asiyevumilia harufu ya kibanda saa kumi na moja asubuhi, afazali ajue mapema.

Kooperative ifanye nini?

1. Mufanye jaribio lenu wenyewe. Muchukue vifaranga 20 wa umri mmoja, muwagawe makundi mawili ya 10. Kundi la kwanza lipewe chakula munachotumia. La pili lipewe kile munachotaka kujua. Mupime uzito wao kila juma, kwa majuma 8. Kijana atakayeshika kaye bila kukosa hata siku moja, huyo ndiye wa kulipiwa masomo.

2. Kama munalipa minervale, muandike mapatano: sanduku linatoa kiasi gani, na kijana atatumikia kooperative miaka mingapi, kwa mshahara gani.

3. Muanze na masomo mafupi. Akifaulu kazini, mutaongeza.

4. Wasichana wasiachwe nyuma. Katika nyumba nyingi kuku na mbuzi wako mikononi mwa mama na binti, kwa hiyo wako na mwanzo mzuri wa ujuzi huu.

Hata kama mlango wa Kipopo ao Nairobi haufunguki, kooperative itabaki na mtu anayejua kuhesabu, kutenga wagonjwa na kuandika. Pesti ikiingia kijijini, mtu huyo anaweza kuokoa mifugo mingi kuliko diploma iliyofungiwa ndani ya sanduku.