Wanavyuo walivyowasaidia watoto wa vijijini Ufilipino

UFILIPINO ilipofungua mwaka wa masomo Oktoba 5, 2020, madarasa yakiwa yamefungwa kutokana na UVIKO-19, watoto wengi wa vijijini wasio na intaneti walisomea nyumbani kwa vijitabu vilivyochapishwa. Wazazi walivichukua shuleni na kuvirejesha vikiwa na majibu.

Mwalimu hakuwapo, na wazazi wengine hawakuwa na elimu ya kutosha kuwaelekeza watoto. Wanafunzi wa vyuo walijitolea kuziba pengo hilo, wakifafanua kwa lugha ya nyumbani maswali yaliyoandikwa kwa Kiingereza au Kifilipino.

Kazi yao ilikuwa kueleza, si kumjibia mtoto. Kijitabu kilichojazwa na mtu mwingine kilimficha mwalimu udhaifu wa mwanafunzi, ambao ungejitokeza madarasa yaliporejea kikamilifu Novemba 2022.