Oili Kama Damu ya Mashine: Somo kutoka Kinu cha Ludara

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa Ludara, wilayani Koboko, kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Jirani na shule palikuwa na kinu cha kusaga mahindi na muhogo mkavu, kikiendeshwa na injini ya dizeli. Asubuhi moja fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akamwambia mwenye kinu: "Mzee, mafuta imeingia maji." Kisha akaondoka kwenda Koboko mjini kutafuta gasketi.

Mzee alifanya kile ambacho hata sisi tungefanya. Alimwaga dizeli yote iliyokuwa katika tangi, akanunua nyingine, akaendelea kusaga. Siku ya tatu injini ilikwama. Maji hayakuwa katika dizeli, yalikuwa katika oili ya kulainisha injini. Beringi zilikuwa zimekwisha, na kina mama wa hapo walibeba magunia yao kichwani kwenda kusagisha mbali kwa muda wa wiki nzima.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi oili inavyotumika kupima afya ya mashine, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili.

Oili hubeba nini?

Kazi ya oili ni kulainisha vyuma vinavyosuguana, kupunguza joto na kubeba uchafu. Kwa kuwa hupita kila mahali ndani ya injini, hurudi na chembe za kila sehemu iliyopitia, kama vile damu inavyorudi na dalili za ugonjwa. Daktari hampasui mgonjwa ili ajue kama ana malaria, hutoa tone la damu. Vivyo hivyo, fundi anaweza kujua mengi bila kufungua injini.

Utaratibu huu si mpya. Mnamo mwaka 1946 maabara ya kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani ilipima metali zilizokuwa ndani ya oili chakavu ya injini za treni, ikaweza kugundua hitilafu kabla injini hazijaharibika. Baadaye majeshi, mashirika ya ndege, migodi na viwanda viliuchukua.

Maabara huangalia mambo matatu. La kwanza ni metali, ambazo huhesabiwa kwa sehemu katika milioni. Chuma kikizidi, aghalabu silinda au krenkishafti inalika. Shaba na risasi huelekeza kwenye beringi, aluminiamu kwenye pistoni, na kromiamu kwenye ringi za pistoni. La pili ni vitu vya kigeni, yaani maji, dizeli na vumbi. Vumbi hutambulikana kwa silikoni, ambayo ndiyo asili ya mchanga. Katika barabara zetu za muramu, silikoni ikipanda pamoja na chuma, jambo la kwanza kukaguliwa ni chujio la hewa. La tatu ni hali ya oili yenyewe, hasa uzito wake katika kutiririka. Oili ikichanganyika na dizeli huwa nyepesi, na ikijaa masizi au ikiungua huwa nzito.

Aina ya mtambo nayo huamua kitakachotafutwa. Kwa mfano, kabla ya kituo cha umeme wa maji cha Nyagak chenye megawati 3.5 kuanza kazi mwaka 2012, mji wa Arua ulitegemea jenereta ya megawati 1.5 iliyotumia mafuta mazito. Mafuta ya namna hiyo yana metali iitwayo vanadiamu. Katika mtambo kama huo, vanadiamu ikionekana ndani ya oili ya kulainisha, ni ishara kwamba mafuta ya kuchomwa yamevuja na kuingia mahali pasipo pake.

Kipimo kimoja hakitoshi

Hata hivyo, namba moja peke yake haisemi mengi. Tuseme injini moja imepimwa mara nne, kila baada ya saa 250 za kazi, na chuma kikawa 20, 22, 25, kisha 60. Injini nyingine imekuwa na 60 tangu mwanzo na haijabadilika. Ya kwanza ndiyo mgonjwa, ingawa namba za mwisho zinalingana. Kinachosomwa ni mwenendo.

Kwa sababu hiyo sampuli lazima ichukuliwe kwa njia ileile kila mara: injini ikiwa bado na joto, kabla ya kuongeza oili mpya, kwa chupa safi na kavu. Kwenye chupa huandikwa tarehe, jina la mashine, aina ya oili, saa ambazo injini imefanya kazi, na saa tangu oili ilipobadilishwa. Sampuli isiyo na maelezo haya ni kama barua isiyo na anwani.

Aidha, kipimo cha metali kina mipaka. Mashine za maabara zilizozoeleka huona chembe ndogo sana, zisizozidi takriban mikroni 10, ilhali unywele wa binadamu huwa na mikroni 70 hivi. Vipande vikubwa huwapita. Hivyo ni vyema kupasua chujio la zamani na kulikagua, au kupitisha sumaku katika oili iliyomwagwa.

Mwenye kinu afanye nini?

Kutoka Arua hadi Kampala ni takriban kilomita 500, na si kila mwenye kinu atapeleka chupa huko. Lakini vipo vipimo viwili ambavyo havihitaji maabara.

Cha kwanza ni tone juu ya karatasi nyeupe inayonyonya. Liache kwa saa kadhaa. Likisambaa sawasawa na kufifia taratibu, oili bado inabeba masizi vizuri. Likibaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, oili imechoka.

Cha pili ni tone juu ya bati lililopashwa moto wa nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi. Likitoa sauti ya kuchachatika na mapovu, lina maji, hata yakiwa sehemu moja tu katika elfu. Tone liwe dogo, na macho yakingwe. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa haihitaji hata kipimo hiki: zima injini.

Kazi yetu

Kule Ludara fundi aliona dalili mapema, kwa wakati. Kilichoshindwa ni neno. "Mafuta" katika Kiswahili ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari na ya kulainisha, na msikilizaji huchagua mwenyewe. Mafundi wengi wana neno "oili", nasi darasani tumezoea kulisahihisha kana kwamba ni kosa. Tunapendekeza tuache. Kwa maoni yetu, katika mafunzo ya ufundi "oili" ibaki kwa kulainishia, "dizeli" na "petroli" kwa kuchomwa, na "mafuta" litumike pale tu ambapo jina la jumla halitaleta hatari.

Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni. Hapa Nile Magharibi lugha hii imekuwa gereji na sokoni kwa muda mrefu kabla ya agizo hilo. Basi mwanafunzi anayekwenda mazoezini msimu ujao achukue daftari, aketi na fundi mmoja, aandike maneno yake kama yalivyo, na amwulize kila neno linaonyesha kitu gani hasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu sisi wenyewe tunaweza kuuziba.