Simu Mpya na Kompyuta ya Nyumbani: Tuzipe Kazi

Akina mama wengi siku hizi wana simu ya kisasa, ile ya kugusa kioo. Katika nyumba kadhaa ipo pia kompyuta mezani, imefunikwa kitambaa ili isiingie vumbi. Pengine simu imeletwa na binti anayefanya kazi mjini, na kompyuta imenunuliwa ya mtumba kwa ajili ya masomo ya watoto. Fedha nyingi imetumika. Lakini baada ya miezi michache simu inapokea salamu na picha za harusi tu, na kompyuta inaonyesha filamu. Mama naye bado anatafuta kadi ya kliniki chini ya godoro, na mwisho wa mwezi hajui fedha ya matumizi imekwenda wapi.

Sisi wauguzi tunaliona jambo hili kila siku kazini. Mama anafika na mtoto mgonjwa, simu nzuri iko mkononi. Ukimwuliza mtoto alipewa dawa saa ngapi, anakisia. Ukimwomba kadi ya chanjo, anasema ilinyeshewa na mvua. Hatusemi haya ili kumlaumu. Mama ana mambo mengi kichwani, na hakuna aliyemwonyesha kwamba vifaa hivi vinaweza kumpunguzia mzigo.

Basi mama msomaji, katika makala haya tunapenda tushauriane. Usihangaike kujifunza kila kitu kilichomo ndani ya simu. Chagua kazi moja ambayo tayari unaifanya nyumbani, uikabidhi kwa simu au kompyuta. Ikishazoeleka, ongeza nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Kengele ya dawa

Kila simu ina saa yenye kengele. Wengi huitumia kuamka asubuhi tu, kumbe ni msaidizi mzuri wa mgonjwa.

Tuchukue mfano wa dawa mseto ya malaria, ambayo hutolewa kwa dozi sita katika siku tatu. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Mtoto akipewa ya kwanza saa moja jioni, ya pili ni saa tisa usiku, wakati nyumba nzima imelala. Ya tatu ni saa moja jioni ya siku ya pili, kisha moja kila baada ya saa 12 mpaka zote sita ziishe. Dozi ya usiku husahaulika kwa urahisi. Nyingine huachwa kwa kuwa homa imeshuka na mtoto ameanza kucheza, hali vijidudu havijaisha mwilini. Tega kengele zote tangu siku ya kwanza, na kwenye kila moja andika jina la mtoto na idadi ya vidonge kama ulivyoelekezwa kituoni.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, lakini sisi Waswahili tunaanzia alfajiri. Saa tisa yetu ya usiku kwenye simu ni 03:00, saa moja asubuhi ni 07:00, na saa moja jioni ni 19:00. Ukiandika 09:00 ukidhani ni saa tisa, kengele italia saa tatu asubuhi na dozi itakuwa imechelewa saa 6. Ni vizuri kuiweka simu katika mtindo wa saa 24, ili usichanganye mchana na usiku.

Mjamzito anaweza kutega kengele kwa vidonge vya kuongeza damu, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango afanye vivyo hivyo. Bibi mwenye shinikizo la damu anaweza kutegewa na mjukuu.

Kuhesabu pumzi za mtoto

Katika saa hiyo hiyo ya simu kuna sehemu ya kuhesabu dakika. Mtoto akikohoa na kupumua kwa shida, sehemu hii inaweza kumsaidia mama kutambua nimonia mapema.

Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua. Tega dakika 1 kamili, kisha uiweke simu kando na kutazama kifua tu. Kila kinapoinuka, hesabu moja, mpaka kengele ilie. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 kipimo ni 50 au zaidi, na kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40 au zaidi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya mara moja.

Hata kama pumzi hazijafika idadi hiyo, usikae nyumbani ikiwa mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana, au kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Wako akina mama wanaorekodi video ya mtoto na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, kisha wanasubiri ushauri. Mama, saa hizo za kusubiri ni za thamani kuliko majibu utakayopata. Video unaweza kumwonyesha mganga ukishafika.

Kwa Tanzania, mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bila malipo ili usafiri utafutwe. Iandike katika simu sasa hivi, pamoja na namba ya kituo chako cha afya na ya jirani mwenye gari. Mfundishe na mtoto mkubwa mahali zilipo, maana siku ya shida huenda wewe ndiye utakayekuwa mgonjwa.

Kadi na vyeti

Kila unapotoka kliniki, piga picha kurasa zote za kadi ya mtoto, mahali penye mwanga na bila kivuli cha mkono. Humo mna uzito wake na tarehe ya kurudi. Chanjo ya surua na rubela, kwa mfano, hutolewa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Ile ya pili husahaulika, kwa kuwa mtoto amekwisha kuanza kutembea na haonekani mgonjwa. Tarehe ya kurudi iingize kwenye kalenda ya simu, ikukumbushe siku mbili kabla. Fanya hivyo pia kwa vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja na vyeti vya shule.

Picha ikikaa kwenye simu peke yake bado haiko salama, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini. Hapo ndipo kompyuta inapopata kazi yake ya kwanza. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa chaji, uliokubali kupitisha data. Simu ikikuuliza, chagua kuhamisha mafaili, kisha nakili picha hizo. Njia hii haili bando hata kidogo. Fungua folda moja kwa kila mtu wa nyumbani, na nakala nyingine itie kwenye flashi uifungie kabatini. Kadi na vyeti vyenyewe viendelee kutunzwa, maana picha haichukui nafasi ya hati halisi. Wala usivitume kwenye makundi, kwani vina majina na namba ambazo tapeli anaweza kuzitumia.

Daftari la matumizi

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika kompyuta kuna programu ya majedwali, kama vile Excel, au ile ya LibreOffice ambayo ni ya bure. Safu ya A andika tarehe, ya B kitu ulichonunua, ya C shilingi. Anza mstari wa 2, ukiacha wa kwanza kwa vichwa vya habari. Ukifika mstari wa 31, nenda chini yake katika safu ya C uandike =SUM(C2:C31), na jumla itatokea yenyewe. Mchana, ukiwa sokoni, andika matumizi kwenye simu, na jioni yahamishie kwenye kompyuta. Ununuzi wa LUKU, ada na michango uliolipwa kwa simu una ujumbe wake, kwa hiyo usiufute kabla hujauandika.

Mwisho wa mwezi kaeni mezani wewe na baba watoto, msome pamoja. Mara nyingi ugomvi wa fedha hutokana na kukisia, na tarakimu zikiwa mbele ya wote wawili mazungumzo huwa ya upole zaidi. Jedwali la namna hiyo hiyo linawafaa wahazini wa vikundi vya akina mama kanisani. Kumbuka tu kubonyeza Ctrl na S kila baada ya mistari michache, umeme usije ukakatika na kazi ikapotea.

Kufunga mlango

Nyumba yenye mali hufungwa. Simu iwekewe namba ya kufungulia kioo, na namba ya siri ya fedha iwe tofauti na hiyo. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Mtu akipiga akisema ni mhudumu wa kampuni ya simu na anaihitaji namba ya siri, huyo ni mwizi. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa fedha kimakosa, usirudishe kitu kabla hujaangalia salio lako mwenyewe. Na ule ujumbe usemao “ile pesa tuma kwenye namba hii” hata usiujibu. Kwa Tanzania, matapeli hao huripotiwa kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Ukibonyeza *106# utaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kompyuta ikae sebuleni, kioo kikitazama mahali watu wanapopita. Watoto waitumie kwa masomo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na mtoto ambaye shuleni wanagawana kitabu kimoja anaweza kukisoma nyumbani. Kaa naye karibu, umwulize anasoma nini, hata kama wewe hukufika darasa hilo. Atakueleza, na wewe utajifunza. Usiku simu zote zilale sebuleni, isipokuwa ile yenye kengele ya dawa.

Mama msomaji, wiki hii tunakushauri ufanye mambo mawili tu. Piga picha kadi za kliniki na vyeti vya nyumbani mwako, kisha andika katika simu namba za dharura na kumwonyesha kila mtu wa nyumbani zilipo. Wiki ijayo anza daftari. Na ukishaweza, mwite jirani ambaye simu yake bado ni ya salamu tu, umwonyeshe.