Kwa Nini Abiria Walilihama Shirika la Ndege la Tanzania

Wasikilizaji walioko katika majeshi na polisi wanaifahamu vyema shida ya kambi yenye lori moja. Lori hilo likiharibika alfajiri, chakula hakifiki, zamu hazibadilishwi, na mgonjwa hapelekwi hospitali. Shida ya namna hiyo ndiyo iliyolisumbua kwa miaka mingi Shirika la Ndege la Tanzania, mali ya serikali ya nchi hiyo jirani.

Shirika hilo liliundwa mwezi wa Machi, 1977, baada ya kuvunjika lile la Afrika Mashariki, ambalo kuvunjika kwake ndiko kulikozaa pia Kenya Airways. Kwa muda mrefu msafiri wa Tanzania hakuwa na shirika jingine kubwa la kuchagua. Mwaka 1993 ilianzishwa Precision Air, kampuni ya watu binafsi, na mwaka 2003 Kenya Airways ikanunua asilimia 49 ya hisa zake. Serikali ya Tanzania nayo, mwezi wa Desemba, 2002, ilikuwa imeliuzia Shirika la Ndege la Afrika Kusini asilimia 49 ya shirika lake. Ubia huo ulivunjika mwaka 2006. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Tanzania ililizuia shirika hilo kuruka, na ingawa safari zilirejea mwezi uliofuata, wasafiri wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kaunta nyingine.

Yapasa kueleweka kwamba abiria hahami kwa sababu kampuni ni ya mtu binafsi. Huhama kwa sababu ya saa. Shirika lenye ndege moja au mbili hupanga ndege ile ile iende Mwanza asubuhi na Kigoma mchana. Injini ikileta hitilafu Mwanza, anayelala uwanjani ni abiria wa Kigoma. Afisa anayetakiwa kuripoti kazini Jumatatu hawezi kumwambia mkuu wake kwamba ndege ilikuwa mbovu mara ya tatu. Wakati huo huo mishahara na kodi za ofisi hulipwa, ndege iruke isiruke, na fedha za vipuri hazipatikani.

Novemba 2012 ikaingia fastjet na ndege zake za Airbus A319, ikitangaza nauli zilizoanzia shilingi 32,000 za Tanzania bila kodi. Hata watu wa mabasi walianza kupanda ndege. Kabla ya Septemba 2016 shirika la serikali lilikuwa limebakiwa na Dash 8 moja tu.

Mwezi huo serikali ilileta ndege mbili mpya za Q400, na mwaka 2018 zikafuata Dreamliner na Airbus A220. Abiria walirudi, fastjet ikafunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa mwaka huo. Lakini ndege hizo zilikuwa za Wakala wa Ndege za Serikali, nalo shirika lilizikodi, na mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi ya A220 zilisimamishwa kwa matatizo ya injini. Kwa mwaka wa fedha 2023/24 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Tanzania alitaja hasara ya shilingi bilioni 91.8, na moja ya sababu ilikuwa ndege zilizosimama chini.